Mikidadi Shuaibu, Moyo Tuliojifunzia

Miaka thelathini na mitano ya utumishi wa Bwana Mikidadi Shuaibu, muuguzi wa kitengo cha moyo katika hospitali yetu, inatimia tarehe 30 Juni, na siku hiyo ndiyo anayostaafu. Kamati ya sherehe imeniagiza mimi, Wahida, niandike wasifu wake kwa ajili ya ratiba hii, ikasisitiza uwe mfupi na wa kuchangamsha. Ufupi sikujaliwa, kila aliyewahi kunipokea zamu analijua hilo. Kuchangamsha nitajitahidi, lakini sitawadanganya watu. Mtu huyu anakwenda kukaa peke yake, na hapo mimi sioni cha kuchekea.

Bwana Mikidadi ni mzaliwa wa Dunda, Bagamoyo, katika ukoo wa wauza nguo. Baba yake alikuwa keshamwandalia nafasi nyuma ya meza ya duka, pamoja na mkasi na rula ya kupimia. Yeye akaenda kusomea uuguzi. Wajomba walikaa kikao, wakauliza mwanamume na mabeseni wapi na wapi. Aliwajibu kwa adabu kwamba binadamu naye hupimwa kama kitambaa, tofauti ni kwamba binadamu ukishamkata vibaya huwezi kumuuza kwa bei ya chini. Wajomba hawakucheka, lakini duka alipewa mdogo wake.

Aliajiriwa mwaka 1990, akapangiwa wodi ya wanaume. Baadaye akamwoa Sabiha, fundi cherehani wa mtaa wa pili, mwanamke mwenye ulimi mwepesi na mkono mwepesi zaidi. Koti lake la kazi lilikuwa likishonwa na Sabiha, ndiyo maana lilimkaa sawasawa huku sisi wengine tukionekana tumeazima. Walijaliwa mtoto mmoja, Masoud, ambaye siku hizi yuko Maskati kwa kazi.

Kitengo cha moyo kilipofunguliwa, yeye alikuwa wa kwanza kuomba kuhamia. Kwa kuwa ratiba hii itasomwa pia na majirani na wajukuu, niueleze kidogo ugonjwa tunaopambana nao. Moyo una vyumba vya juu na vya chini. Vile vya juu vikipatwa na fujo ya umeme, vinaacha kupiga na kubaki kutetemeka, na mapigo yanapoteza mpangilio: mawili ya haraka, kimya, moja, kisha matatu yanakimbizana. Kwa wengine fujo huja na kwenda zake. Kwa wengine huja ikahamia jumla, na hao ndio wageni wetu wakubwa. Damu ikizubaa humo ndani huganda, na bonge likipanda kichwani mtu anapooza. Njia mojawapo ya kuwasaidia ni kupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa kinena mpaka moyoni, na kuunguza vijisehemu vinavyoleta fujo ili umeme usipate pa kupita.

Zamani kidogo, wagonjwa wa aina hii wote waliunguzwa mahali palepale, kuizunguka midomo ya mishipa itokayo mapafuni, basi, mtu akaenda nyumbani. Wengine walitulia. Wengine walirudi na fujo yao ileile, pengine imenenepa. Daktari Teddy, mkuu wetu, ndiye aliyeleta utaratibu wa kuupangia kila moyo tiba yake. Kila Jumatatu tunakaa baraza kuizunguka meza, na moyo mmoja mmoja unajadiliwa. Fujo imeanza lini, chumba kimetanuka kiasi gani, makovu yako upande upi, shinikizo la damu likoje, usingizi ukoje. Daktari Teddy alisema sehemu ya moyo anaweza kuichora kwa mashine, lakini namna mtu anavyoishi haichoreki, lazima aende mtu akaone. Akamtazama Bwana Mikidadi. Tangu siku hiyo Bwana Mikidadi ana kiti chake kwenye baraza, na kazi yake ikawa kuwatembelea wagonjwa makwao kabla hawajapangiwa.

Ndipo lilipotokea la Mzee Martini, mkulima wa mananasi kutoka Fukayosi. Mzee huyu alimsikia mwanafunzi mmoja akisema wodini kwamba kesho wanamchoma moyo. Alfajiri kitanda kitupu. Alikuwa amepanda bodaboda akiwa amejifunga shuka la hospitali kama msuli, na Bwana Mikidadi akaja kumkuta Dunda kwenye benchi la kahawa, anacheza bao na watu asiowajua, na anawafunga. Hakumgombeza. Aliagiza kahawa na kashata, akakaa kucheza naye, akafungwa pia. Katikati ya mchezo mzee akamweleza kwamba mkewe amemhamishia jikoni kwa sababu ya kukoroma, na kwamba usiku hushtuka kama mtu aliyezama. Basi likajulikana jambo ambalo hakuna mashine iliyokuwa imelisema: mzee pumzi zinamkata usingizini, na moyo wake hauwezi kutulia kabla usingizi haujatulia. Tiba yake ikapangwa upya, usingizi kwanza, mrija baadaye. Siku hizi analala chumbani na mkewe. Na kitengoni kwetu neno kuchoma ni marufuku mbele ya mgonjwa, tunasema kuziba njia. Anayeteleza ulimi anatununulia kashata wote. Daktari Teddy mwenyewe keshanunua, na zaidi ya mara moja.

Lingine ni la Bi Tatu wa Mlingotini, mkulima wa mwani. Huyu alipewa dawa ya kuzuia damu isigande, akawa anaificha. Bwana Mikidadi akaenda hadi kwake, akavua viatu, akaingia naye majini, akaona mwenyewe. Miguu ya Bi Tatu imejaa majeraha ya makombe na chaza, na akimeza dawa ile, mkato mdogo unatoka damu mpaka maji yanabadilika rangi. Angekosaje kuificha? Baraza likakaa. Bi Tatu akapangiwa mrija wakati wa maji mafu, ambapo hakuna uvunaji, na Bwana Mikidadi akazungumza na wenzake wa kikundi wampe kazi ya kuanika mwani vichanjani mpaka amalize miezi yake ya dawa. Wenzake walikubali kwa sharti kwamba Bwana Mikidadi asirudi tena majini, maana alikuwa amekanyaga kamba zao tatu.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe. Kitengoni kwetu kulikuwa na mazoea. Kila mashine mpya ya kupima umeme wa moyo ilipoletwa, na kila wanafunzi wapya walipofika, aliyelala kitandani akabandikwa waya alikuwa Bwana Mikidadi. Moyo wake ulikuwa unapiga vizuri mno, kila pigo mahali pake, kila nafasi sawa na mwenzake. Wanafunzi waliambiwa wautazame huo kwanza, wauzoee, kisha ndipo waonyeshwe mioyo yenye matatizo. Kuna madaktari leo wako mikoani ambao moyo wa kwanza kuusoma maishani mwao ni wa Mikidadi Shuaibu. Yeye alikuwa akilijua hilo na akitamba nalo, ndiyo majivuno pekee niliyowahi kuyaona kwake.

Mwaka juzi, Ramadhani ikikaribia, Sabiha alianguka akiwa kwenye cherehani, na hakuamka tena. Tulikwenda wote Dunda kwenye mazishi. Masoud alikuja, akakaa mpaka arobaini, akarudi Maskati. Bwana Mikidadi akarudi kazini. Koti lilipoanza kumpwaya tuliliona, tukasema ni msiba, utapita.

Baada ya muda Oscar, fundi wetu wa mashine, akamlaza kama kawaida kuijaribu mashine. Karatasi ikatoka fujo tupu. Oscar akabadilisha waya. Fujo. Akabadilisha vibandiko, akabadilisha karatasi, akahamishia kwenye soketi nyingine. Fujo ileile. Basi tukakubaliana wote, na Bwana Mikidadi akiwemo, kwamba mashine imeharibika. Ikafungwa kwenye boksi ikapelekwa Dar es Salaam, sisi tukawa tunatumia ile ya zamani kwa wagonjwa. Mashine ikarudi na ujumbe kwamba ni nzima. Oscar akamlaza tena Bwana Mikidadi, fujo tena. Oscar akasema mafundi wa mjini ni wavivu, akairudisha.

Najua msomaji unauliza kwa nini hatukumlaza mtu mwingine. Nitakujibu, ingawa jibu lenyewe linaniudhi. Hakuna aliyewaza hivyo. Ule moyo ndio uliokuwa kipimo chetu, na mashine ndiyo iliyokuwa ikipimwa. Ukimlaza mwingine utalinganisha na nini? Miezi ikapita namna hiyo, mashine inasafiri kwenda na kurudi barabara ya Bagamoyo kama mchuuzi wa mkaa, na mgonjwa yuko hapahapa anatugawia dawa za wagonjwa wengine.

Mwishowe fundi wa Dar akachoka, akaja mwenyewe. Alijilaza yeye, karatasi ikatoka safi. Akamlaza Oscar, safi. Kisha akamwita Bwana Mikidadi, na wote tuliokuwa chumbani tukaisogelea mashine. Karatasi ikatoka: mawili ya haraka, kimya, moja, matatu yanakimbizana. Fundi, ambaye hakuwa mtu wa hospitali, akatutazama akingoja tumweleze. Bwana Mikidadi akajiinua, akaanza kufunga vifungo vya shati taratibu, akasema:

"Nilidhani ndivyo unavyopiga moyo wa mfiwa."

Muuguzi mzima! Mtu aliyeshika vifundo vya mikono vya watu miaka yote hiyo, anayekuambia mapigo yako hata kabla hujaketi, chake mwenyewe hakukishika. Au alikishika akajua, akaona ni haki yake kupiga hovyo kwa kuwa Sabiha hayupo. Siku ile nilikasirika mpaka nikatoka nje, na hasira yenyewe ilikuwa ya kumlilia.

Miezi iliyopotea haikuwa kitu cha kuchezea. Moyo ukizoea fujo huanza kuota makovu, na kadiri unavyokawia ndivyo unavyokuwa mgumu kurudishwa. Madaktari walimpa dawa, haikufaa. Wakaushtua moyo kwa umeme, ukatulia kwa juma moja ukarudia mambo yake. Chumba cha juu cha kushoto kilikuwa kimeshatanuka. Ikabaki kujua mambo mawili: kama moyo huu bado unarudishika, na kama ukirudi, nani atauangalia huko Dunda, maana mwenye kuuangalia amezikwa.

Jumatatu moja tukakaa baraza kumjadili yeye. Daktari Teddy akasoma vipimo vyote. Alipofika mahali pa kuuliza mgonjwa anaishije, anakula nini, analalaje, nani yuko naye, sote tukageukia kiti cha Bwana Mikidadi, nacho kilikuwa kitupu kwa kuwa safari hii yeye ndiye mgonjwa. Watu kumi na kitu tumezunguka meza, tumefanya naye kazi tangu hatujaota mvi, na hakuna hata mmoja aliyejua Bwana Mikidadi analalaje. Tulikuwa tumefika kwake kwenye mazishi, ndiyo. Tulikaa nje kwenye mikeka, tukala pilau, tukaondoka.

Nikatumwa mimi. Nilikwenda Jumamosi, nikapiga hodi, akanikaribisha kwa furaha ambayo ilinitia haya. Nyumba ilikuwa safi. Redio zilikuwa mbili, moja sebuleni na moja jikoni, kila moja stesheni yake, zote zinaongea. Aliona ninazitazama, akasema akizima moja nyumba inakuwa kubwa. Kitanda kilikuwa kimetandikwa khanga ya Sabiha, na kilikuwa hakijalaliwa. Yeye alikuwa akilala kwenye kiti karibu na mlango wa mbele. Nilimwuliza kuhusu vidonge vyake vya shinikizo la damu, akaniambia waziwazi, kama anayeeleza habari za mgonjwa wa Fukayosi, kwamba Sabiha alikuwa akimwekea kidonge kwenye kisosi pembeni ya kikombe cha chai, na kwamba siku hizi anakunywa chai bila kisosi. Ashatu, jirani yake mwuza vitumbua, alinisindikiza barabarani akaniambia huyu bwana akishasalimia mtaa mzima jioni na kufunga mlango, mpaka asubuhi hasikiki.

Niliyaeleza hayo yote kwenye baraza, nikiwa nimekaa kwenye kiti chake. Haikuwa rahisi.

Oscar, ambaye tangu siku ya fundi wa Dar alikuwa hana raha, alitaka mrija upitishwe upesi na kila penye shaka paunguzwe, jambo liishe. Daktari Teddy alimjibu kwamba kumpenda mtu si kipimo, na kwamba kovu la ziada ndani ya moyo halitoki kwa kuomba radhi. Akapanga hivi: kwanza shinikizo lishuke na usingizi urudi kitandani, ndipo moyo uchorwe, na tufuate utakachotuonyesha. Bwana Mikidadi akaamriwa kumeza kidonge chake kila asubuhi kitengoni, mbele yetu, wakati wa chai. Siku ya kwanza nilimletea kisosi. Alikitazama kwa muda, akakipokea. Kwa siku za mapumziko Ashatu alijitolea, na ninasikia alikuwa mkali kuliko sisi wote.

Mwezi wa Februari mwaka huu akalazwa. Kazi ya kumshika mgonjwa unyayo mpaka usingizi umchukue ilikuwa yake sikuzote, hivyo zilitokea fujo ndogo kuhusu nani amshike yeye. Oscar akashinda. Bwana Mikidadi alilalamika kwamba mikono ya Oscar ni baridi kama samaki wa barafu, kisha akalala katikati ya lalamiko. Daktari Teddy na bingwa aliyetoka mjini wakauchora moyo wake. Kovu lilikuwa ukuta wa mbele, si kubwa kama tulivyoogopa, na si dogo. Wakaizunguka mishipa ya mapafu kama ilivyo desturi, wakaongeza mstari pale penye kovu tu, sehemu nzima wakaziacha salama. Ilikuwa tiba ya moyo huo, na sidhani kama ingemfaa mtu mwingine yeyote wodini. Saa za mchana karatasi ikaanza kutoka: pigo, nafasi, pigo, nafasi. Oscar aliificha sura yake nyuma ya mashine ileile aliyoisafirisha.

Ningependa kuishia hapo, na kamati ingefurahi. Lakini wiki chache baadaye nilimkuta Bwana Mikidadi chumba cha dawa, amesimama tu, nikamwuliza kulikoni. Alinieleza kwamba wakati wa ugonjwa, akikaa nyumbani, moyo ulikuwa ukimgonga kifuani kwa fujo na yeye akiusikiliza, na ilikuwa kana kwamba ndani kuna mtu anafanya jambo. Sasa umetulia. Hausikiki kabisa, na redio mbili hazitoshi. Aliniambia hayo bila kulalamika, akashukuru kwa tiba, akaendelea kuhesabu chupa. Sikujua kwamba mtu anaweza kuponywa akazidi kuwa mpweke.

Masoud amemwomba ahamie Maskati. Amekataa, anasema kaburi la Sabiha haliwezi kupaliliwa kwa simu. Daktari Teddy naye, ambaye mpaka leo humwamkia shikamoo kila asubuhi ingawa ndiye bosi wake, amemwambia ukweli wote. Fujo inaweza kurudi. Moyo uliokaa vile kwa muda mrefu hauaminiki haraka, na mtu aliyewahi kuuficha haaminiki pia. Amempa sharti moja kubwa kuliko vidonge vyote: kila juma, vidole vya mtu mwingine vishike kifundo cha mkono wake. Vyake mwenyewe havihesabiki.

Sasa kamati yetu ilikuwa imepanga kumsindikiza nyumbani kwa heshima zote. Magari yalishapatikana, matarumbeta yalishalipiwa, friji limeshafungwa utepe, na watu wameshashona sare ya kitenge. Tungetoka hapa kwa honi mpaka Dunda, tungempigia vigelegele mlangoni, tungekula, tungepiga picha. Ndivyo tunavyowaaga wastaafu wetu na hakuna ubaya wowote. Bwana Mikidadi aliposikia aliomba kuonana na kamati. Aliwashukuru mmoja mmoja kwa jina. Kwa friji alishukuru zaidi. Kisha akaomba msafara usiwepo. Mwenyekiti aliudhika kidogo, akamwuliza tumemkosea nini.

"Mkija wote siku moja, mtaondoka wote siku moja," alisema. "Njooni mmoja mmoja."

Basi msafara haupo. Sherehe itafanyika hapahapa ukumbini, sare za kitenge zivaliwe tu, na matarumbeta yatapigwa kwenye maegesho. Friji litapelekwa na gari la stoo. Oscar keshapanga zamu ya Jumamosi mwaka mzima, na kila jina la kitengo limo, hadi la mlinzi wa geti. Mimi zamu zetu nazijua. Za kazini tu, zenye mshahara, zinatushinda. Najua miezi miwili ya mwanzo tutakwenda kwa mbwembwe na mafungu ya ndizi. Baada ya hapo kutakuwa na harusi, kutakuwa na mvua, mtoto ataumwa, mtu atasema wiki hii atakwenda fulani, na fulani atasema hivyohivyo. Tulishawahi kudhani kwamba tatizo liko kwenye mashine. Tusije tukadhani tena kwamba mwenzetu mwingine amekwenda kumwona.

Bwana Mikidadi, kwa niaba ya kitengo kizima, na kwa niaba ya watu wa Fukayosi na Mlingotini na kwingineko wanaolala usingizi mzuri leo kwa sababu ulikwenda kukaa nao, tunasema asante. Mwenyezi Mungu akujaalie umri mrefu, mapigo yaliyotulia na mlango usiokaukiwa hodi. Jumamosi ya kwanza ni yangu. Nitakuja asubuhi, nitakushika mkono, na nikishamaliza kuhesabu sitauachia upesi.